Nilimeza Nusu ya Dawa za Mke Wangu

...na alikubali, Mama Priscilla, alikubali! Nilifanya vile ulivyoniambia humu gazetini mwaka jana, nikaacha kuzungukazunguka na kutuma salamu za redio, nikapanda mpaka kwao karibu na mpaka wa Tanzania, nikaketi mbele ya baba yake, Mzee Elkana, nikasema mimi ni Mkisii nauza ndizi na majani chai sokoni Kendu Bay, sina mengi, lakini namtaka Dorine, na yule mzee akanitazama kama mtu anayekagua ndama mnadani, akaniuliza, "Wewe Mkisii, unajua kuchunga ng'ombe?" nikasema sijui, akacheka akasema, "Angalau hudanganyi," na siku hiyo hiyo akaanza kuniita mwanangu.

Tulifunga ndoa mwezi wa nne, Mama, mbele ya kanisa zima, na mchungaji alihubiri juu ya mwili mmoja mpaka watu wakapangusa machozi, na mimi nilikuwa namtazama Dorine tu, kwa sababu hujamwona, ana mwanya hapa mbele, akicheka hata mtu uliyegombana naye asubuhi unamsamehe, na kwa kuwa yeye ni Mkuria na mimi Mkisii, lugha zetu zinafanana kama mtu na binamu yake lakini zikikaa pamoja muda mrefu zinagombana, kwa hiyo nyumbani tunasema Kiswahili, na nimekuja kuona kwamba mapenzi yetu yote yamefanyika kwa Kiswahili, ndiyo maana nakuandikia wewe bila kuona haya hata kidogo.

Sasa, mshauri wangu mpendwa, nina shida, na safari hii sijui kama utanicheka au utanichapa.

Dorine alikuwa anakohoa kidogo hata siku ya harusi, tukasema ni vumbi, kisha tukasema ni moshi wa kuni, kisha mwezi wa sita akakohoa damu kwenye kitambaa cheupe alichokishona maua kwa mikono yake, nikambeba siku hiyo hiyo kliniki, wakapima makohozi, wakasema ni kifua kikuu. Mimi nililia kuliko yeye. Muuguzi wa kliniki ya kifua, Sista Susana, mama mnene wa maneno machache, akatuambia ugonjwa huu unatibika, watu wanapona, lakini dawa ni nyingi na ni za muda mrefu, na lazima awepo mtu wa kumwona mgonjwa akimeza kila siku. Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Sista akanitazama juu ya miwani yake akasema, "Sikia, kijana. Kazi yako ni macho. Yeye anameza, wewe unaangalia, basi."

Tukawa tunachukua dawa za wiki moja moja na kurudisha pakiti tupu. Na asubuhi zetu za mwanzo, Mama, hata na ugonjwa ndani yake, zilikuwa tamu. Namkorogea uji wa wimbi, namwekea vidonge kwenye kisahani cha harusi, vile vyeupe vikubwa, na vile vingine, na ile kapsuli nyekundu, naketi mbele yake nafanya kazi yangu.

"Monari, usinitazame hivyo," ananiambia. "Nikitazamwa natapika."

"Nimeagizwa kukutazama."

"Na kutabasamu uliagizwa na nani?"

Lakini hakuwa anatania juu ya kutapika. Alikuwa anatapika kweli. Akimeza zote kwa pamoja tumbo linapinduka, anashika ukuta, anatokwa na jasho, na siku moja akakaa chini mlangoni akaniambia, "Siwezi tena. Kamwambie Sista nimekataa, anifunge akitaka." Mama Priscilla, wewe ungefanya nini? Moyo wangu ulikatika kama uzi. Nikaketi chini naye nikamuuliza, "Mchungaji alisema sisi ni nini?" Akasema, "Mwili mmoja." Nikamwambia, "Basi mwili huu una matumbo mawili. Lete hapa."

Nikachukua kisu changu cha ndizi, nikavipasua vile vidonge vyeupe na vile vingine katikati, nusu yake, nusu yangu. Kapsuli haipasuki, kwa hiyo tukawa tunapokezana, leo yako, kesho yangu. Na nikajiambia hekima nyingine tena, kwamba mimi nalala naye kitanda kimoja, bila shaka nimekwisha kuambukizwa au niko njiani, kwa hiyo kwa mpango huu sote tunalindwa. Akameza nusu yake na haikutoka. Akaniegemea akasema hakuna mwanamke Ukuria nzima aliyepata mume kama mimi. Nilienda sokoni siku hiyo nikiuza ndizi kwa bei ya kutupa.

Ndivyo tulivyoishi tangu hapo. Tulikuwa tunatoka chooni tukicheka, maana mkojo wake ulikuwa rangi ya chungwa na wangu ukageuka rangi hiyo hiyo, nikamwambia hata mikojo yetu imeshona sare. Tulipeleka pakiti tupu kliniki na Sista Susana akanisifu mbele ya wagonjwa wengine, akasema, "Mnaona? Huyu ndiye mume." Mama, nilijaa kama puto.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe. Kikohozi kilikuwa kimepungua, na wiki mbili hizi kimerudi. Jasho la usiku nalo limerudi, mto wake unaamka umelowa. Jirani yetu anayekaanga samaki, tunamwita Nyar Uriri kwa kuwa kwao ni Uriri, juzi aliniita kando akasema, "Yaye, Monari, bibi yako mbona anakohoa tena? Si mnameza dawa?" Nikamjibu, "Tunameza," nikaondoka haraka, na nilipofika kwenye ndizi zangu nilielewa hapo hapo nilichofanya, au niliogopa kuelewa, sijui.

Nilimwambia Dorine tumwambie Sista. Akakataa. Akasema, "Tunyamaze. Kuanzia kesho nitameza zote, na nitaongeza kidogo za kufidia zile ulizokula wewe, na atakapopima makohozi atakuta safi. Nani atajua?" Nikamwuliza kwa nini anaogopa hivyo, akasema, "Unamkumbuka yule mwanamke wa Magunga?" Ni mwanamke tuliyemkuta kliniki, aliyewahi kuacha dawa akaanza tena, wakamlaza wodini Homa Bay miezi, anadungwa sindano kila siku, na mume wake alichoka kwenda kumwona. Dorine akanishika shati akasema, "Sijamaliza hata kukuzoea, Monari, na tayari nitengwe nawe?"

Hapo ndipo nguvu zangu zote ziliponiishia. Kipimo ni wiki ijayo. Nikisema, watamchukua, tutatengana, na Sista atajua kwamba yule mume aliyemsifu ni mwizi, na Mzee Elkana atauliza binti yake nilimpokea wa nini. Nikinyamaza, naogopa. Namsikiliza akipumua nahesabu kikohozi. Nampenda, Mama Priscilla, nampenda kuliko nilivyojua kuna kupenda, na sijui ni lipi kati ya haya mawili ndilo la mtu anayependa. Nisaidie haraka, na ukiweza usitumie majina yetu.

Ni mimi, mume wa Dorine,
Kendu Bay

*

Mwanangu,

Majina nimeyabadilisha yote, hata la Sista wenu, kwa hiyo usilikimbie gazeti likifika sokoni. Lakini wewe usilingoje gazeti. Jibu hili nimelitia posta siku ile ile barua yako iliponifikia, na ninalichapisha hapa kwa sababu najua si nyumba yako peke yake yenye kisu cha ndizi.

Hongera kwa harusi. Ukurasa wako wa kwanza nilimsomea mzee wangu, akaniuliza kwa nini yeye hakuwahi kuandikiwa hivyo. Ukurasa wa pili niliusoma peke yangu, nikiwa nimesimama.

Monari, ulimnyang'anya mkeo dawa. Najua hukukusudia, najua ulilia kuliko yeye, lakini tulitaje jambo kwa jina lake ili tulimalize. Sista alikupa kazi ya macho, wewe ukaongeza koo. Nikuulize: siku Dorine atakapopata uchungu wa uzazi, utamwambia mwili huu una matumbo mawili, lete nusu nizae? Kuna mizigo ambayo mume hubeba, na kuna mizigo ambayo mume hushika kikapu tu na kungoja. Hii ilikuwa ya kungoja.

Mkweo alikuuliza kama unajua kuchunga ng'ombe, ukasema hujui. Ungekuwa unajua, usingeniandikia barua hii. Dorine mwenyewe anajua, muulize habari za josho la kuogeshea ng'ombe. Mfugaji akitaka kubana matumizi, akatia dawa nusu kwenye josho, kupe dhaifu wanakufa, ng'ombe anang'aa, mwenyewe anajisifu. Wale kupe wagumu wanabaki, wanazaa wagumu wenzao, na baadaye hata akitia dawa kamili wanaogelea tu. Viini vya kifua kikuu navyo vina tabia hiyo. Ndiyo sababu Dorine hakupewa dawa moja, alipewa kadhaa za kufanya kazi pamoja, kiini kinachoiponyoka hii kikamatwe na ile. Ulipopasua hizi na kupokezana ile, ulifungua tundu kwenye ua usiku wa fisi. Alipata nafuu mwanzoni, kisha kikohozi kikarudi. Sisemi viini vyake vimekwisha kuizoea dawa. Hilo litajulikana kwa kupima makohozi, si kwa kukisia kwangu kutoka mezani wala kwenu kutoka kitandani.

Sasa fanya hivi. Asubuhi utakapoisoma barua hii, Dorine ameze dawa zake za siku hiyo kama alivyoandikiwa, zote kwa mara moja, yeye mwenyewe. Asiongeze hata kimoja cha kufidia. Dawa hizi ni kali kwa ini, na alizokosa jana hazirudi kwa kujazia leo. Wewe usiguse kitu. Kisha fungeni banda la ndizi, chukueni pakiti na vilivyobaki, mwende kliniki wote wawili siku hiyo hiyo. Msingoje siku ya kipimo. Ukifika useme wewe, si yeye: "Sista, mke wangu alimeza nusu, na nusu nilimeza mimi." Ni maneno machache, yafanyie mazoezi njiani. Atakugombeza. Usijitetee, usimletee mambo ya mchungaji. Mwache agombeze mpaka amalize, halafu mwombe akupime na wewe, kwa sababu nusu dozi haikulindi na lolote. Ikiwa umeambukizwa, hiyo nusu inaweza kuuficha ugonjwa usionekane mapema na kuufanya mgumu. Ile sare ya mkojo mliyokuwa mnaichekea ni rangi ya ile dawa nyekundu ikipita mwilini tu. Haimdhuru anayeitumia kwa haki. Kwa mgonjwa ni dalili kwamba amemeza. Kwako ilikuwa ushahidi.

Na kutapika! Hilo ndilo lililonikasirisha. Sista Susana angewaambia tangu siku ya kwanza kama anaweza kumeza na chakula kidogo, au wakati wa kwenda kulala, au kama kuna dawa ya kumtuliza tumbo. Nyinyi mkaenda kwake kila wiki na pakiti tupu na mdomo uliofungwa. Muuguzi hawezi kutibu siri.

Dorine binti yangu, sasa nasema nawe, najua anakusomea kwa sauti. Hofu yako naielewa. Mwanamke aliyetoka kwao juzi, ndio kwanza ajue kikombe gani ni cha mume wake, aambiwe akalale wodini. Labda hutalazwa. Labda utaanza dawa upya ukiwa nyumbani. Siwezi kukuahidi, na atakayekuahidi anakudanganya. Lakini mwanamke yule wa Magunga, pamoja na sindano zake, alikuwa anatibiwa. Ukinyamaza, utatengwa na Monari kwa namna ambayo haina saa za kuona wagonjwa. Chagua ukuta wenye mlango.

Ukishaanza kumeza sawasawa, jihadhari na haya. Ukiona macho yamekuwa manjano, au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, au kutapika hakukomi, kimbia kliniki siku hiyo, usimeze nyingine mpaka wakuone. Ukiona huoni vizuri, au rangi zinakuchanganya, au nyayo zinakufa ganzi, kamwambie Sista, usimwambie Nyar Uriri kwanza. Dawa nyingine yoyote unayotumia itaje, hata ya miti shamba. Na kama unatumia vidonge vya kupanga uzazi, sema bila haya, kwa sababu ile dawa nyekundu inavipunguzia nguvu, utashangaa mwenyewe. Majirani watasema chira, laana ya kuvunja mwiko, watasema ukimwi. Kifua kikuu humpata yeyote anayevuta hewa. Sista akikushauri upime na hayo mengine, pima, lakini usipimwe na midomo ya sokoni.

Mpaka kipimo kiseme vingine, fungueni dirisha mchana kutwa, hata kama pazia ulilishona mwenyewe na ungependa watu walione. Kohoa ndani ya kitambaa. Monari atalala kwenye mkeka. Amezoea kujitolea, ajitolee na hapo.

Nawe, Monari, uliniuliza ni lipi kati ya hayo mawili ndilo la mtu anayependa. Unalijua. Unasema Mzee Elkana atauliza binti yake ulimpokea wa nini. Mzee huyo hakukupa binti kwa sababu ya ndizi zako, wala kwa sababu ya sura yako, ambayo sijaiona. Alikuuliza swali, ukajibu hujui, na kwa jibu hilo akakuita mwanangu. Mkwe wa namna hiyo humfichi kikohozi. Mkitoka kliniki mtumie habari wewe mwenyewe, kabla hajaipata kwa watu.

Dada yangu ameolewa upande wa Kendu Bay, na mwaka huu nimemwahidi twende pamoja makambini, kwenye ile mikutano ya kanisa. Kwa hiyo kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni kwenu. Dorine akiwa wodini Homa Bay, nitaanzia huko, na wewe utanibebea mkungu wa ndizi na hutaniambia umechoka. Akiwa nyumbani, nitakuja asubuhi mapema, niketi karibu na kile kisahani cha harusi nimwone akimeza zote, na wewe nikuone umekaa mbele yake, mikono nyuma, mdomo umefungwa, macho wazi. Kutabasamu nimekuruhusu.

Mama Priscilla